Kama toba ni zawadi ya Mungu, asiyetubu analaumiwa kwa kosa gani?

Mlei_wa_Moro

Wakuu heshima kwenu. Hili jambo limetuchanganya ofisini, tuna kikundi cha maombi ya saa ya lanchi, wapo Wakatoliki, KKKT (Walutheri), walokole, na Msabato mmoja ambaye kwa kweli anaijua Biblia kuliko sisi wote tukijumlishwa. Sasa kuna jamaa yetu, mtu mzuri tu ila pombe na michepuko vimemkalia, juzi akataniwa "kaka si uokoke tu upumzike", akajibu kwa utulivu kabisa: Mungu hajanivuta, akinivuta nitakuja. Halafu akatoa simu akatusomea Yohana 6:44, "Hakuna mtu awezaye kuja kwangu, asipovutwa na Baba aliyenipeleka". Tukabaki tunatazamana.

Mama mmoja akamrudishia Matendo 17:30, kwamba Mungu anawaagiza watu wote wa kila mahali watubu, na amri haipewi mtu asiyeweza kuitii. Jamaa akarudi nyuma kidogo kitabu hicho hicho, 11:18, kwamba Mungu "amewajalia" mataifa toba liletalo uzima. Anasema mmeona, wamejaliwa, mi bado sijajaliwa, mniache.

Sasa swali. Kama kutubu ni mpaka Mungu akupe, ambaye hajapewa anahukumiwa kwa lipi? Na kama ni uamuzi wangu mwenyewe, naweza leo naweza kesho, neema inakuja kufanya nini wakati kazi nimeshamaliza? Naombeni msinijibu kwa mistari mitupu, mistari tunayo, shida ndo hiyo inagongana.

Mjoli_255

Bwana Yesu asifiwe mpendwa. Mnajichosha bure. Mungu anapiga simu, wewe unapokea au unakata. Huwezi kujipigia, hiyo ndo neema, ila kupokea ni kidole chako. Ufunuo 3:20 anasimama mlangoni anabisha, haijaandikwa anavunja. Huyo kaka yenu simu imeita miaka kaiweka sailenti, asisingizie mtandao.

katekista_mstaafu

Tumsifu Yesu Kristo. Mlei, huyo jamaa yenu hana jipya, hoja yake ina karibu miaka 1600 na iliwahi kutikisa monasteri hapa hapa Afrika. Mwaka 426 hivi, mji wa Hadrumeto, leo panaitwa Sousse kule Tunisia, kulikuwa na wamonaki chini ya abate Valentino. Mmoja wao, Floro, akiwa safarini akakutana na barua ndefu ambayo Augustino, askofu wa Hippo, alikuwa amemwandikia padre mmoja wa Roma kuhusu neema. Akainakili, nakala ikapelekwa nyumbani. Balaa likaanza. Wengine wakasema kama neema ndo kila kitu basi hiari ya mtu haipo, na ile habari ya kuhukumiwa kila mtu kwa matendo yake tuifute. Vijana wawili, Kreskonio na Felisi, wakafunga safari mpaka Hippo kumuuliza mzee mwenyewe. Akawaandikia kitabu. Kitabu kikaenda kikasomwa, na hapo ndo likazuka la jamaa yenu kabisa: kuna mmoja akasema basi mkubwa wangu asinikemee nikikosa, aniombee tu, maana ningekuwa nimepewa neema ningetii. Augustino akakaa chini akaandika kitabu kingine kwa sababu ya hoja hiyo moja, na alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 70.

Jibu lake nalieleza kwa maneno yangu. Ubaya wako ni wako, hukulazimishwa na mtu, ulitaka mwenyewe. Na kutotaka kukemewa kwa ubaya huo ni ubaya mwingine unaongeza juu yake. Halafu, na hapa ndo pananigusa mimi niliyefundisha watoto na wakubwa miaka mingi, kukemewa kwenyewe kunaweza kuwa ndo njia Mungu anayopitia kukupa hiyo neema unayosema unaisubiri. Kwahiyo utani ule mliomtania jamaa yenu, hujui, pengine jamaa ndo anavutwa pale pale huku anasema hajavutwa.

Ila na huyo mama wa "amri haipewi asiyeweza" naye asishangilie. Hiyo ni hoja ya Pelagio. Pelagio alitoka Britania akaishi Roma, na msimdharau, alikuwa mtu wa maisha safi aliyekerwa na Wakristo wazembe. Kuna siku Roma alisikia mtu akinukuu sala ya Augustino kwenye kitabu chake Maungamo, inayosema toa unachoamuru, kisha amuru upendacho, hakuweza kuvumilia, aliona hicho ni kisingizio cha wavivu. Kwake Mungu akiamuru maana yake tunaweza, na neema ni huo uwezo tuliozaliwa nao pamoja na sheria na mfano wa Kristo. Mtaguso (mkutano wa maaskofu) wa Kartago wa 418 ukamkatalia. Baadaye wakatokea wa kati kwa kati, wanaosema mtu anaanza yeye, Mungu anamalizia, nao wakakataliwa pale Orange, kusini mwa Ufaransa, mwaka 529: hata mwanzo wenyewe, hata ile hamu tu ya kuomba usaidiwe, ni Mungu aliyeianzisha.

Mtaguso wa Trento mwaka 1547 waliiweka vizuri mno kwa mistari miwili, samahani umekataa mistari lakini hii haigongani, inashikana. Zekaria 1:3, "Nirudieni mimi", hapo tunakumbushwa uhuru wetu. Maombolezo 5:21, "Ee Bwana, utugeuze kwako, nasi tutageuka", hapo tunakiri kwamba yeye ametutangulia. Huo wa pili utaukuta hata kwenye Katekisimu ya Kanisa Katoliki namba 1432, inayosema wongofu kwanza kabisa ni kazi ya neema.

Mlei_wa_Moro

Katekista shikamoo, hii ya wamonaki nitaipeleka kesho lanchi. Lakini bado hujanitoa. Ukisema hata hamu ni ya Mungu, mimi nabaki na nini? Na kuna wengine pale ofisini wao hawana hata hoja ya kuvutwa, wanakwambia tu nitatubu nikistaafu.

Mwana_Kagera

Naomba niingie upande wa KKKT. Mjoli kaka yangu simu yako ina shida, Waefeso 2:1 inasema tulikuwa wafu kwa makosa yetu, sasa maiti anapokea simu kwa kidole gani. Tuliopita kipaimara tulikaririshwa Katekisimo Ndogo ya Luther, ya 1529, maelezo ya fungu la tatu la imani, yanaanza kwa kukiri kwamba siwezi kwa akili yangu wala nguvu zangu kumwamini Yesu wala kumwendea, Roho Mtakatifu ndiye ameniita kwa Injili. Nilikariri kama kasuku nikiogopa mchungaji, nimekuja kuielewa nikiwa na watoto tayari.

Na Luther kwenye hili hakuwa na utani. Mwanazuoni Erasmus aliandika 1524 kutetea hiari ya mtu, Luther akamjibu 1525, na ndani ya jibu akamshukuru, anamwambia wengine wote mmenisumbua na habari za upapa na toharani na vyeti vya rehema, wewe peke yako ndo umenishika kooni. Yaani kwake hili ndo lilikuwa penyewe, mengine pembeni.

Sasa Mlei unauliza unabaki na nini. Nenda kwenye lile tamko la pamoja la kuhesabiwa haki, Wakatoliki na Walutheri walilosaini Augsburg tarehe 31 Oktoba 1999. Pale Wakatoliki wanasema mtu anashirikiana na neema kwa kuikubali, na huko kukubali kwenyewe ni tunda la neema. Sisi tunasema hapana, mtu hawezi kushirikiana, anapokea tu, ILA hatukatai kwamba anaweza kuikataa. Soma hapo mara mbili. Kukataa ni kwangu, kupokea si kwangu. Nikipotea ni mimi, nikiokolewa ni yeye. Haliko sawa pande zote mbili, najua, na kila mtu mwenye akili atauliza mbona halina mizani, mimi nimeamua kuishi nalo hivyo hivyo lisivyo na mizani kwa sababu kila nikijaribu kulisawazisha naishia ama kumlaumu Mungu kwa dhambi zangu au kujipongeza kwa wokovu wangu.

Hao wa "nikistaafu" ndo rahisi kuliko wote. Mtu anayeahirisha toba anaamini ipo mfukoni, ataitoa siku akitaka. Yaani ni mfuasi wa Pelagio bila kujua, tena Pelagio angemfukuza kwa uzembe. Kama kweli toba ni zawadi, basi siku unapochomwa moyo ndo siku yenyewe, hujui kama itakuja nyingine, ndo maana Waebrania 3 imeandika leo. Bibi yangu alikuwa wa uamsho, ule ulioanzia Gahini Rwanda miaka ya 1930 ukaingia Uganda na huku kwetu Buhaya, wale ndugu walikuwa mtu akichomwa moyo usiku anaamka usiku huo huo kupeleka jembe la watu alilolificha. Hakuna kusubiri kuche.

Kanana_wa_Meru

Hamjambo wote. Hapa kwetu Meru tumejaa Wamethodisti na nashangaa hakuna mtu amemtaja Wesley, mwanzilishi wetu, mpaka saa hii. Kwa Wesley kuna neema itanguliayo, na hiyo amepewa KILA mtu, si wateule peke yao. Kwa hivyo ni kweli maiti hapokei simu, lakini hakuna binadamu ameachwa akiwa maiti kabisa, Mungu ameshamrudishia kila mmoja pumzi ya kutosha kusema ndio ama la. Ndio maana dhamiri inamsumbua hata mtu hajawahi kanyaga kanisa. Huyo wa ofisini kwenu anasema hajavutwa, mwulizeni tu, hakuna siku hata moja amelala vibaya juu ya yale anafanya? Kama iko, huko ndiko kuvutwa. Na kama hakuna mbona anajitetea na Biblia, mtu hana wasiwasi hatafuti mistari.

Na hilo tamko la Augsburg, Wamethodisti tuliliunga mkono 2006 huko Seoul. Kwa hivyo msituache nje.

Mjoli_255

Dada Kanana ameokoa simu yangu 😂 ubarikiwe sana.

Mdadisi_huru

Mnazunguka tu. Farao je? Kutoka 9:12, Bwana akaufanya moyo wa Farao kuwa mgumu. Halafu akamwadhibu kwa ugumu huo huo. Hapo hiari iko wapi na haki iko wapi? Mi sisali siku hizi na hili ni mojawapo lililonitoa.

katekista_mstaafu

Mdadisi, swali halali, na Paulo mwenyewe analigusa Warumi 9 bila kulilainisha. Mi nakuomba tu usianzie sura ya 9 ya Kutoka. Soma kwa mtiririko, 8:15, Farao alipoona nafuu imekuja akaufanya moyo wake mzito yeye mwenyewe, 8:32 tena yeye. Halafu kuna 9:27 ambayo watu wanaipita haraka: Farao anamwita Musa na Haruni anasema "Mimi nimekosa", anakiri Bwana ni mwenye haki, anaomba aombewe. Ukimsikiliza hapo bila kujua mwisho ungesema huyu katubu. Mvua ya mawe ikakatika, akarudi pale pale. Alitaka mvua ikome, basi. Kwa hiyo mtu anaweza kusema maneno yote ya toba kwa hiari yake kabisa na isiwe toba.

Kwamba Mungu naye anatajwa kumfanya mgumu, ni kweli, na Augustino anasema waziwazi kuwa Mungu hamwagi ubaya ndani ya mtu, anamwacha kwa haki kwenye alichokitaka. Kama jibu hilo halikutoshi sikulaumu, limewakwaza wengi.

Mdadisi_huru

Halinitoshi, ila hiyo ya 9:27 sikuwahi kuiona.

mtulivu_tz

Nimesoma uzi wote kimya nimeona niulize maana yangu si ya vitabu. Mimi ni Mkatoliki na nina dhambi moja, kumchukia dada yangu kwa sababu ya kiwanja cha marehemu baba. Nimeungama hiyo kitu sijui mara ngapi, hata kwenye mkutano wa injili nilipita mbele nikaombewa nikalia sana, nikaona imeisha. Nikisikia tu sauti yake kwenye simu inarudi yote. Sasa nikisoma hapa mnasema toba ni zawadi, ina maana mimi sikupewa? Nadanganya kila nikiungama? Maana Esau "aliitafuta sana kwa machozi" na hakupata, Waebrania 12:17, huo mstari unanitisha kuliko yote.

katekista_mstaafu

Mwanangu pole. Nianze na Esau. Ukirudi Mwanzo 27 uone alikuwa analilia nini, alikuwa analilia baraka ya baba yake, "Unibariki na mimi, babangu". Kisha mwisho wa sura hiyo hiyo anasema moyoni akingoja siku za kumlilia baba yake zipite amuue Yakobo. Machozi yake yalikuwa ya kupoteza urithi. Wewe unalia kwa sababu unamchukia dada yako. Hayo ni machozi tofauti kabisa, na hayo ya kwako huwezi kujizalishia, hakuna mtu anayejichukiza na chuki yake mwenyewe kwa nguvu zake. Unaniuliza kama umepewa, mimi naona unanionyesha ulichopewa.

Kwenye kile kitabu cha kwanza kwa wamonaki, Augustino anamleta Petro. Petro aliposema nitautoa uhai wangu kwa ajili yako hakuwa anadanganya, alikuwa na upendo kweli, ila mdogo, haukufika usiku ule pale uani. Augustino anauliza, na huo mdogo alikuwa amempa nani? Ni huyo huyo Mungu, aliyeanza na kidogo akaendelea mpaka Petro akaja kuutoa uhai kweli. Anasema Mungu anatenda ndani yetu bila sisi ili tutake, na tukishataka, tukataka mpaka kutenda, anatenda pamoja na sisi. Wewe uko kwenye kutaka. Kwa hiyo usiache kuungama eti kwa sababu unarudia, hudanganyi, ungedanganya kama ungeungama huku umeamua usimsamehe.

Mwana_Kagera

Dada, nakubaliana na mzee hapo juu kila neno, ajabu ya leo. Naongeza kitu kimoja cha wale ndugu wa uamsho. Wasingekuacha ulie peke yako. Wangekuuliza kiwanja kikoje, hati iko kwa nani, nani alikosewa, halafu wawili watatu wangekusindikiza kwa dada yako. Sisemi umwachie haki yako kama ipo, hayo mna wazee wa ukoo na mabaraza ya ardhi. Ila moyo na kiwanja vimefungwa pamoja, na unajaribu kutubu kwenye moyo huku kiwanja hakijaguswa. Muda mwingine neema inayoombwa kanisani inakuja kwa sura ya kikao.

Kanana_wa_Meru

Na usikate simu yake ikilia. Hata kama ni dakika mbili tu za salamu, pole pole.

mtulivu_tz

Asanteni. Hati iko kwa kaka mkubwa. Nitaanzia huko.

Mdadisi_huru

Katekista swali la mwisho kabla sijaenda. Luka 22:61 "Bwana akageuka akamtazama Petro", Petro akatoka nje akalia. Yuda naye Mathayo 27:3 alijuta, akarudisha hela, akakiri nimekosa. Kafanya zaidi ya Petro kwa macho ya watu. Kwanini yeye hakutazamwa?

katekista_mstaafu

Nani kakwambia hakutazamwa? Pale bustanini, busu limeshatolewa, anaambiwa "Rafiki", Mathayo 26:50. Na alikuwa ameshaoshwa miguu jioni ile ile. Tofauti ninayoiona ni kwamba Yuda alipeleka ungamo lake kwa makuhani waliomnunua, wakamwambia basi haya yatuhusu nini sisi, angalia haya wewe mwenyewe. Hakurudi kwa aliyemwita rafiki.

Mwana_Kagera

Mzee hapo unahubiri vizuri ila Augustino wako asingekubali kirahisi. Kwenye hicho hicho kitabu cha pili anasema kudumu mpaka mwisho ni zawadi, na kwamba wapo wanaopewa na wapo wasiopewa, na ukimuuliza kwa nini huyu na si yule anakujibu kwamba hajui, hukumu za Mungu hazichunguziki. Orange nao walimfuata kwenye mwanzo wa imani lakini waliosema kuna watu Mungu amewapangia ubaya waliwalaani kabisa. Kwa hiyo la Yuda ukimuuliza yeye hatakupeleka kwa makuhani, atakunyamazia.

katekista_mstaafu

Ni kweli usemayo. Kanisa lilichukua mengi kwake, si yote.

Kanana_wa_Meru

Hapo ndipo sisi na Augustino tunaachana njia. Kama kuna mmoja amenyimwa tangu mwanzo, basi hilo "Rafiki" lilikuwa la nini?